Kabla Mama Hajapanda

Kazi yangu ni kufundisha wema. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee. Nina shahada tatu za falsafa, nina ofisi yenye jina langu mlangoni, Dkt. Kageha, katika chuo kikuu kule Bondo, na kila Jumatatu na Alhamisi nasimama mbele ya vijana themanini nikiwaeleza mtu mwema ni mtu wa namna gani. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Kwa hiyo haya ninayosimulia yananihusu mimi kabla hayajamhusu mtu mwingine yeyote, na sitaki mtu aniambie pole.

Somo lenyewe si gumu. Kwa karne mbili hivi wanafalsafa wa Ulaya walikuwa kambi mbili. Hawa walisema tazama sheria, fanya lililo wajibu wako, hata dunia ikiporomoka. Wale wakasema hapana, tazama matokeo, fanya litakalowafaa watu wengi zaidi. Halafu katikati ya karne iliyopita wakatokea wachache waliochoka na ugomvi huo. Wakauliza: mbona tumeliacha swali la Wagiriki wa kale? Swali la kwamba mimi nataka niwe mtu wa namna gani? Ukiwa mkweli, na mpole, na jasiri, na una busara ya kujua wakati na mahali, hutembei na kitabu cha sheria mfukoni. Na tabia hizo huzipati kwa kusoma. Unazipata kwa kurudia, kama vidole vya msusi vinavyozoea nywele. Mimi niko upande wa hao waliochoka. Nimeandika makala kumi na moja ya kuwatetea.

Sasa nije kwa Mama.

Mama mkwe wangu, Akello, alivunjika nyonga mwezi wa pili. Alianguka alfajiri mlangoni pa jikoni lake, nyumbani Nyakach, mwendo mfupi kutoka soko la Katito. Tukamleta hospitali Kisumu, akapasuliwa, akalazwa wodi ya wanawake ghorofa ya pili. Mume wangu Gordon ndiye mwanawe wa kwanza, na sisi tunakaa Kisumu. Mdogo wake, Frankline, anakaa kule nyumbani na mkewe Bridget na watoto wanne, na wanakula kinachotoka shambani. Hawana mshahara, hawana duka. Wana ekari mbili na nusu na ng'ombe wawili wa kulimia, basi.

Na ili unielewe, kuna jambo moja lazima ulijue. Katika boma la Mjaluo hakuna mtu anayepanda kabla ya mama mwenye boma. Yeye ndiye anayeanza, kwa mkono wake mwenyewe, hata kama ni mashimo mawili matatu tu. Wenyewe wanaita golo kodhi, kuitoa mbegu. Akishatangulia yeye, wanawe wako huru. Mjaluo aliye Nairobi atakuambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Huyohuyo akiwa nyumbani anasubiri. Anayemtangulia mama yake inasemekana ameita chira, ugonjwa wa kukonda na kukonda usiosikia dawa, na mara nyingi anayeshikwa ni mtoto mdogo.

Mvua ya Nyakach nayo si mvua ya Maragoli nilikozaliwa mimi, ambako inanyesha hata usipoiomba. Nyakach ikija unapanda wiki hiyohiyo. Ukichelewa, mahindi yanachanua mawingu yakiwa yameshaondoka, na utavuna mabua.

Mwaka huu ilikuja siku ya Jumatatu, Mama akiwa wiki ya tatu hospitalini. Frankline alinipigia Jumanne asubuhi. Nyuma yake nilisikia vyura.

"Shemeji, imenyesha mpaka mto umejaa," akasema. "Majirani wote wako shambani. Mimi nimekaa naangalia tu. Sasa tutafanya nini?"

Nikamwambia tutakaa, tutazungumza.

Jumatano nikapitia hospitalini na uji. Mama alikuwa ameegemea mto, uso umepungua, mikono juu ya shuka. Nikammiminia. Kabla hajakishika kikombe akaniuliza, "Nyar Maragoli," maana ndivyo anavyoniita tangu siku niliyoolewa, binti wa Maragoli, "nyumbani imenyesha?"

"Bado, Mama," nikasema.

Hivyo tu. Sikufikiri hata kidogo. Niliona ile karatasi ya presha iliyoning'inizwa kitandani, nikaona jinsi asivyoweza hata kujigeuza, mdomo ukasema bado.

"Hata wingu?"

"Wingu liko. Mvua bado."

Akanywa uji wake. Kisumu kwenyewe ilikuwa imenyesha, tena sana, lakini kila mtu wa huku anajua Kisumu inaweza kufurika na Nyakach ikabaki vumbi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kutoniamini. Nikatoka pale nikijiona mkwe mzuri kabisa. Ijumaa akaniuliza tena, na safari hii jibu lilitoka kwa urahisi zaidi.

Jumapili tukakutana sebuleni kwetu. Frankline na Bridget walikuja na Mzee Mathews, kaka wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nilipika kuku. Watu wakala kwa adabu, wakanawa, ndipo Frankline akasema siku sita zimepita, magugu yameanza kuota kwenye matuta aliyoyalima, na mbegu iko ndani ya nyumba.

"Panda," Gordon akasema. Mume wangu ni mhandisi wa barabara, anapenda mambo yaishe. "Watoto wanne, Frankline. Hayo mahindi hayajui Mama amelala wapi."

"Hapana," Mzee Mathews akasema. "Boma lina mpango wake. Mama yenu yuko hai. Mtu hapandi kama mama yake yuko hai na hajapanda. Mimi sikuunda hiyo, niliikuta."

"Kwa hiyo wafe njaa kwa ajili ya mpango?"

"Nani amekufa?"

Frankline alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi siamini chira," akasema. "Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini sitaki siku moja mtoto wangu akohoe, nianze kuamini."

Mungu anisamehe, mimi nilifurahi. Kambi zote mbili zilikuwa zimekaa kwenye makochi yangu, ya sheria huku, ya matokeo kule, kama vile nimezialika kwa ajili ya somo. Gordon akanigeukia. "Mama Shantel, si wewe ndio unafundisha hivi vitu?" Shantel ni binti yetu.

Basi nikafundisha. Nikawaambia waache kuuliza sheria inasema nini, na waache kuuliza faida iko wapi. Waulize mtoto mwenye huruma anamtendeaje mama yake mgonjwa. Ukienda leo kumwambia mwanamke ambaye hawezi kujigeuza kitandani kwamba shamba zima linamngoja yeye, umemwambia nini? Umemwambia amekuwa mzigo njiani. Umemwambia tumeshaanza kumhesabu na wafu. Tusimwambie. Tungoje siku chache, pengine daktari atampa ruhusa ya siku moja tumpeleke kwa gari, apande, tumrudishe. Hata hospitali ina binadamu.

Maneno yalikuwa matamu. Mzee Mathews alitikisa kichwa kukubali, akasema huyu mke wa Gordon ana akili. Gordon akatabasamu.

Bridget ndiye aliyekuwa anakusanya sahani. Akasema akiwa amezishika, "Si tumuulize tu yeye mwenyewe? Mimi naweza kumpelekea udongo kwa beseni. Aweke mbegu na mkono wake, halafu narudisha udongo nyumbani."

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka. "Bridget, ile ni wodi ya watu waliopasuliwa! Utaingiaje na udongo?" Gordon naye akacheka. Bridget aliachia shule darasa la saba, na kwa Mama ndiye mkwe wa kugombezwa: ugali wake mlaini, kuku wake wanaingia ndani, sauti yake iko juu. Akapeleka sahani jikoni na tukasikia maji yanafunguliwa. Frankline hakucheka.

Kuhusu lile "bado" langu sikusema kitu. Hakuna aliyeniuliza, na kusema kweli sikulihesabu kuwa uongo.

Ruhusa ya daktari haikupatikana. Jumatatu alisema hapana, Jumatano akasema mama huyu hata kukaa kwenye kiti hajaweza, mnamtaka shambani? Frankline alikuwa akipiga simu kila asubuhi, kisha akaacha kupiga. Nilijua maana ya kuacha kwake. Nilijua kule mahindi ya jirani yameshatoka ardhini na kila siku anapita kando yake akienda kuchota maji. Na mimi bado nikawa naingia wodini na uji wangu, Mama akiuliza, nikisema bado.

Jumamosi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake niliposikia muuguzi akipiga kelele kwenye korido. "Mama! Mama, unapeleka wapi hiyo?" Bridget akatokea mlangoni na beseni la bluu, limefunikwa leso, ameliegemeza kwenye kiuno. Viatu vyake vilikuwa na matope ya Nyakach mpaka kwenye visigino. Niliruka nikamzuia palepale.

"Bridget, tulikubaliana," nikamnong'oneza.

"Nyinyi ndio mlikubaliana," akasema kwa ile sauti yake ya juu. "Mwezi wa saba watoto wangu wataomba chakula. Wataniomba mimi, hawatakuomba wewe."

Akanipita. Angenipita hata kama ningekuwa ukuta.

"Toa huo uchafu!" muuguzi akasema nyuma yetu.

"Dada, dakika mbili," Bridget akamwambia. "Dakika mbili tu, nitapiga deki mwenyewe." Akaliweka beseni kitandani karibu na mkono wa Mama, akaondoa leso.

Mama aliutazama ule udongo. Akatia mkono, akachukua konzi moja, akaikamua. Ilishikana kama unga uliokandwa. Akaifungua kiganjani, akaitazama tena.

"Hii imelowa mpaka ndani," akasema. "Hii si mvua ya jana. Imenyesha lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita, Mama," Bridget akasema. "Mto ulijaa. Haijaacha mpaka leo."

"Na mmepanda?"

"Tutapanda aje, na wewe uko hapa?"

Konzi ile ya udongo ikamwanguka Mama juu ya shuka. "Yawa, jamani!" akasema. "Lakini mimi nilishapanda!"

Muuguzi naye ni mtu wa kwao, alielewa vizuri kilichosemwa.

Mama akatueleza, akipumzika katikati ya maneno. Mguu ulikuwa umemsumbua wiki nzima kabla hajaanguka. Alijua utamwangusha. Basi asubuhi ile aliamka kabla ya kuku, akachukua jembe na konzi ya mbegu, akaenda nyuma ya ghala akapanda mashimo matano kwenye udongo mkavu kabisa, ili mvua ikija na yeye hayupo, watoto wasifungwe. Ndipo alipokuwa anarudi akaanguka mlangoni pa jikoni. Sisi tulidhani ameteleza akienda kuwasha moto.

"Ningewaambia nini kabla ya mvua?" akasema. "Kwamba nimepanda vumbi? Ndege wangeweza kufukua yote. Nikasema wacha nisikie imenyesha, ndio niwaambie wapande." Akanitazama. "Si nilikuuliza? Nilikuuliza wewe kwa sababu Gordon mambo yote ananiambia nisijali. Nikasema huyu amesoma, ataniambia. Nilikuuliza, nyar Maragoli."

"Uliniuliza, Mama."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi."

Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba mtu mkweli hasemi ukweli kwa sababu amekaa akatafakari. Anausema kwa sababu mdomo wake umeuzoea, unatoka kabla ya hesabu. Basi mdomo wangu umezoea nini? Nilijua mara moja. Umezoea kuwaambia vijana tasnifu yako inakwenda vizuri wakati haina kichwa wala miguu. Umezoea kumwambia mkuu wa idara wazo zuri sana. Miaka yote hiyo nilikuwa nafanya mazoezi, na yale makala kumi na moja niliyaandika pembeni. Mama aliponiuliza juu ya mvua nilimpa nilichokizoea. Halafu nikakiita huruma, nikawasomea watu wazima sebuleni kwangu.

Mama alikuwa ameshanisoma usoni. Amelea watoto, anajua. Akamgeukia Bridget. "Nendeni mpande leo hii. Waambie mwanamke mzee alisahau kusema. Waambie ni hizi dawa." Kisha akaniambia mimi, taratibu, "Na wewe ufunge mdomo. Unasikia? Nyumba ya watu ni nyumba ya watu."

Nilimwelewa. Mke aliyetoka kabila lingine akisemekana ameharibu msimu wa shemeji yake, jambo hilo litasimuliwa mpaka wajukuu. Alikuwa ananifunika.

Bridget alipiga deki kama alivyoahidi. Kisha nikamchukua kwa gari langu, beseni juu ya mapaja yake. Tulipita Ahero, mashamba ya mpunga yamejaa maji pande zote mbili.

"Mimi sitasema kitu," akasema tulipokaribia Katito. "Mama ameshasema."

"Umenikasirikia?"

"Nitakasirika nikimaliza kupanda," akasema.

Nyuma ya ghala, katikati ya majani yaliyoota baada ya mvua, tuliyakuta. Mashimo matano, mahindi matano, yamefikia urefu wa kiganja, na nafasi katikati yake zimepimwa kwa nyayo za mtu anayejua anachofanya. Frankline alichuchumaa akayagusa moja baada ya jingine. Alicheka, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kumbe yako hapa! Kumbe yamekuwa hapa siku zote! Mbona hakusema?"

"Alisahau," Bridget akasema akitazama chini. "Anasema ni dawa."

"Alisahau?"

Mzee Mathews alikuwa amekuja na fimbo yake kutazama. "Akello ameanza kupotea," akasema, na hakusema kwa ubaya, alimpenda shemeji yake. "Mtu akisahau kwamba amepanda, huyo amechoka. Mwaka ujao tusimngoje tena. Gordon na mkewe watangulie, yeye apumzike."

"Ni kweli, Baba," Frankline akasema. "Amezeeka. Hatuwezi kufungwa kila mwaka na mtu anayesahau."

Ilichukua dakika mbili. Wanaume wawili wenye huruma walisimama kwenye majani wakamwondoa Mama mahali pake, mwanamke ambaye alipanda gizani na mguu mbovu ili wao wasipate shida. Na mahali hapo wakanipa mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na nilikuwa nimeshaamriwa ninyamaze.

"Hakusahau," nikasema.

Bridget akainua uso.

"Hakusahau kitu. Akili yake ni nzima kuliko yangu. Aliniuliza kama imenyesha. Jumatano ya wiki ile aliniuliza, siku mbili baada ya mvua. Nikamwambia bado. Kila nilipokwenda akaniuliza, kila mara nikamwambia bado. Alikuwa anangoja asikie imenyesha awaambie mpande. Ningemwambia ukweli mngekuwa mmepanda Alhamisi ile."

"Kwa nini?" Mzee Mathews akauliza. Hakuwa amekasirika, alikuwa hajaelewa.

Maneno ninayo. Miaka kumi na minne sijawahi kukosa maneno. "Niliona uso wake nikaogopa, Baba," nikasema. "Ilikuwa rahisi kwangu."

Frankline alisimama. Alikuwa na udongo kwenye vidole. "Siku kumi, shemeji," akasema.

"Najua."

"Hujui." Hakupaza sauti. "Siku kumi nimemwangalia jirani akipanda. Siku kumi mke wangu ananiambia twende tukamuulize Mama, na mimi namwambia nyamaza, Dokta amesema."

Akaenda kuwafunga ng'ombe nira. Bridget akachukua kopo la mbegu. Nikavua viatu nikawafuata shambani, nikainama kwenye mtaro wa kwanza, na Frankline akasimamisha ng'ombe. "Wacha," akaniambia. "Wewe rudi Kisumu. Mama yuko peke yake." Nikavaa viatu vyangu juu ya matope, nikaondoka. Nililia kutoka Katito mpaka Ahero, na sikujua nalia kwa ajili yao au kwa ajili yangu.

Nilimweleza Gordon yote nilipofika, na kwa siku mbili hakuniongelesha. Na nisije nikakupa matumaini ya bure: zile siku kumi hazikurudi. Mvua iliondoka mapema. Sehemu ya juu ya shamba ilizaa. Ya chini, ambayo Frankline aliimaliza mwisho, ilitoa mabua marefu yenye magunzi ya kuchezea watoto. Kusema kwangu hakukuongeza hata debe moja.

Jumatatu jioni, siku mbili baada ya kule shambani, nilirudi wodini. Mama alikuwa ameshapata habari. Bridget alikuwa amempigia kwa simu ya muuguzi, sijui waliipangaje.

"Nasikia umefungua mdomo," akasema kabla sijakaa.

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuambia ufunge."

"Walikuwa wanasema umepotea akili. Walitaka mwaka ujao nianze kupanda mimi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakoroma. "Wewe?" Mama akasema. "Hata jembe hujui kushika." Kisha akauliza, "Frankline alisemaje?"

Lilikuja, nakwambia. Lilikuja palepale mpaka kwenye meno: alielewa, Mama, usijali. Nilihisi umbo lake mdomoni. Nikalimeza kwa nguvu, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Alinifukuza shambani," nikasema. "Alisema sijui maana ya siku kumi. Hajanisamehe, na sidhani atanisamehe upesi."

"Huyo ni baba yake mtupu," Mama akasema. Uso wake uliingia huzuni na hakuificha. Alivuta shuka, akailainisha kwenye paja ambalo lilikuwa zima, kisha kwenye lile jingine. Nilidhani ananiambia niondoke.

"Ijumaa daktari alisimama na Gordon pale mlangoni," akasema. "Na wewe ulikuwepo. Walizungumza muda mrefu. Gordon akaja akaniambia mwezi wa sita nitakuwa shambani. Muuguzi ananiambia nitakimbia. Pasta alikuja jana akaniambia nitacheza kanisani." Akanitazama moja kwa moja. "Hao wote sitawauliza tena. Nakuuliza wewe. Mguu huu, daktari alisema nini?"

Nikavuta kiti mpaka kikagusa kitanda. Nilitamani sana awe amemuuliza mtu mwingine.

"Alisema mfupa haukushika, Mama," nikasema. "Alisema hutatembea tena bila kushikwa. Shambani kwa miguu yako hutafika."

Alifumba macho. Machozi yalikuwa yangu, si yake. Yeye alikaa hivyo, kidole kimoja kikipita juu ya shuka, huku na huku, na sikumharakisha wala sikumwambia Mungu yupo.

Akafumbua. "Endelea," akasema. "Alisema nini tena?"